Kuhamisha Seva Bila Kuizima: Bujumbura Ilipie Kiasi Gani?

Regideso, shirika la maji na umeme la Burundi, inapokata umeme Bujumbura, chumba cha seva hubaki kikitegemea betri, kisha jenereta. Lakini dizeli imekuwa adimu nchini Burundi kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo uwezo wa kuhamisha kompyuta pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva) ikiwa kazini unapokuwa na faida ambayo wauzaji hawaitangazi sana: kazi zilizotawanyika kwenye seva nne hukusanywa kwenye mbili, kama hizo mbili zina kumbukumbu ya kutosha, na zile nyingine zikazimwa ili betri zidumu.

Kampuni ya VMware iliuleta uwezo huo mwaka 2003 kwa jina la vMotion. Microsoft ilichelewa hadi 2009. Leo programu huria za Xen na KVM zinao pia.

Faida ya pili ni matengenezo. Pesa za Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, hutumwa hata usiku, hivyo huduma za namna hiyo hazina saa tulivu ya kuzima mitambo. Fundi huihamisha kazi, akabadilisha kifaa kibovu, akairudisha bila mteja kuhisi lolote.

Uhamisho wenyewe hutegemea mtandao wa ndani. Kumbukumbu ya gigabaiti 64 huchukua takriban dakika tisa kwenye waya wa gigabiti moja kwa sekunde, na chini ya dakika moja kwenye waya wa gigabiti kumi. Hifadhidata inayoandika kwa kasi zaidi ya waya unavyobeba inaweza kuukwamisha uhamisho kabisa.

Na seva ikifa ghafla? Uhamisho hausaidii kitu, maana hakuna kumbukumbu hai ya kunakili. Kinachookoa ni kompyuta pepe kuwashwa upya kwenye seva nyingine, pamoja na nakala za data zilizowekwa mbali, tuseme Gitega.

Linabaki suala la gharama. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Sasa mteja hulipia kwa muda, tena kwa fedha za kigeni. Kwa nchi yenye uhaba wa dola, ambako Benki Kuu iliishusha thamani ya faranga Mei 2023, huo ni mzigo mzito. Programu ya Proxmox kutoka Austria hutoa uwezo huohuo bila ada ya leseni. Anayetaka msaada wa kitaalamu ndiye hulipa. Taasisi yenye seva tatu haina sababu ya kununua programu ghali kwa ajili ya uhamisho pekee. Dola hizo zinunue kwanza betri, swichi ya gigabiti kumi na mafunzo ya mafundi.