Je, Tuache Matabishi Mbele ya Kaunta?

Kuna swali linaloonekana dogo ambalo limetufikia kutoka pande mbili. Upande mmoja ni vijana wetu wanaofanya kazi katika malewa, maduka ya mikate na mahali pa kuuza kuku wa kuchoma, huko Bukavu, Butembo, Beni na Bunia. Wanauliza: mteja akinunua chakula, akalipa na kwenda kukila nyumbani kwake, je, tuna haki ya kutazamia matabishi? Upande wa pili ni jamaa zetu waliohamia Marekani. Wanasimama dukani kununua kahawa au sahani ya kuku, muuzaji anawageuzia mashine ya malipo, nayo inawauliza wataongeza asilimia ngapi. Nyuma yao kuna foleni. Wanabonyeza kwa haya, halafu wanatoka wakijiuliza kama wametenda mema au wameshindwa tu na aibu.

Tunajibu kwa ufupi kwanza, kisha tutaeleza. Mteja anayenunua kwenye kaunta na kubeba chakula chake hana deni la matabishi. Anaweza kuyatoa, na mara nyingi ni vema ayatoe. Lakini kuna mambo mawili ambayo matabishi hayapaswi kufanya kamwe: kushika nafasi ya mshahara, na kununua haki ya mtu.

Neno moja, mambo matatu

Neno hili tulilipata kutoka Kireno, mata-bicho, yaani "kuua mdudu". Lilikuwa jina la kinywaji kikali kidogo ambacho mtu alikunywa asubuhi kabla ya kula. Huko Angola neno hilo sasa ni chakula chenyewe cha asubuhi. Wafaransa nao wanasema pourboire, yaani "ya kunywa". Kwa hiyo mwanzoni lilikuwa jambo dogo la ukarimu: chukua, ukanywe kitu.

Kwetu Kongo neno hili limebeba maana tatu, na shida yetu kubwa ni kuzichanganya.

Ya kwanza ni shukrani ya mteja kwa mtu aliyemhudumia vizuri. Ya pili ni nyongeza ya muuzaji kwa mteja. Mama sokoni akikupimia kopo la maharagwe, unamwambia, "Mama, uniwekee matabishi," naye anaongeza konzi juu. Hapa anayetoa ni muuzaji, si mnunuzi. Ya tatu ni pesa inayoombwa kwenye gishe la ofisi au kizuizi cha barabara kabla kazi haijafanyika. Hii ni hongo iliyovaa nguo ya zawadi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 29 Machi 2005 kuhusu rushwa haibadiliki kwa sababu mtu ameiita rushwa jina tamu.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu haiko katika kiasi cha pesa. Iko katika wakati na uhuru. Shukrani inakuja baada ya kazi, na asiyeitoa hapati hasara yoyote. Hongo inakuja kabla ya kazi, na asiyeitoa anaachwa nje.

Jinsi zawadi ilivyogeuka kuwa mshahara

Mfano wa Marekani unatufaa kwa sababu pale jambo hili limeandikwa hata katika sheria. Baada ya utumwa kukomeshwa huko, kampuni ya Pullman iliajiri watu weusi wengi kuwa watumishi katika mabehewa ya kulala ya treni. Mshahara wao ulikuwa mdogo sana, hivyo waliishi kwa matabishi ya abiria. Iliwabidi watabasamu hata walipotukanwa, maana chakula cha watoto wao kilitegemea furaha ya abiria. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wafanyakazi, wakiongozwa na A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni hiyo. Mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa mshahara wa kweli.

Hata leo sheria ya taifa ya Marekani inasema mshahara wa chini kabisa ni dola 7,25 kwa saa, tangu mwaka 2009. Lakini kwa mtu anayepokea matabishi kwa kawaida, kama mhudumu wa mezani, mwajiri anaruhusiwa kutoa dola 2,13 tu kwa saa. Kiasi hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Matabishi yanahesabiwa kujaza pengo. Yasipotosha, sheria inamlazimu mwajiri kujaza yeye mwenyewe. Baadhi ya majimbo, kama California, Washington na Minnesota, yamekataa mpango huo na kudai mshahara kamili kwa wote.

Kwa hiyo jamaa zetu walioko huko wajue tofauti hii. Ukiketi mezani, ukaletewa chakula na kuhudumiwa kwa saa nzima, katika majimbo mengi asilimia 15 hadi 20 ni sehemu ya kipato cha yule mhudumu; kuondoka bila kuacha kitu ni kumwumiza. Lakini anayekupa mfuko kwenye kaunta kwa kawaida analipwa angalau mshahara kamili wa chini. Mashine inayopendekeza asilimia 20 juu ya chakula cha dola 12 inakuomba dola 2,40 ambazo si deni. Kitufe cha kukataa kipo, na kukibonyeza si dhambi. Na ukipenda kutoa, toa. Tangu mwaka 2018 sheria ya taifa inawakataza waajiri na wasimamizi kujiwekea matabishi ya wafanyakazi wao.

Hali yetu hapa

Kwetu hakuna mashine inayouliza, lakini swali ni lile lile. Serikali yetu ina mshahara wa chini, ule tunaouita SMIG. Mwaka 2018 uliwekwa kuwa franka 7.075 kwa siku, na mwaka 2025 ukapandishwa hadi franka 14.500. Lakini sisi wachungaji tunasikia mengi nyumbani mwa waamini. Kuna msichana anayeuza sambusa na soda kutoka asubuhi hadi jioni, naye ameambiwa na mwenye duka, "Wewe utajilipa kwa matabishi." Kuna kijana anayefunga maagizo ya chakula na kuyapeleka kwa motari, ambaye mwisho wa mwezi hapati kitu ila sahani ya mchana.

Hapo mwajiri amehamisha deni lake. Amelitoa mfukoni mwake na kuliweka begani mwa mteja, bila kumwambia mteja. Naye mteja hajui kwamba yule dada anayemtabasamia hajalipwa. Katika miezi hii ya vita na kuhama, wakati pesa taslimu ni shida na kazi zimepungua, vijana wanakubali masharti yoyote. Kwa sababu hiyo kanisa haliwezi kunyamaza.

Neno la Mungu linatenganisha nini

Walawi 19:13 inakataza kulala na mshahara wa kibarua hata asubuhi. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Mshahara ni haki. Hauombwi kwa tabasamu.

Mfano wa shamba la mizabibu katika Matayo 20 unatusaidia zaidi. Mwenye shamba alipatana na wafanyakazi wa kwanza dinari moja, akawalipa dinari moja. Kisha akawa mkarimu kwa waliochelewa, na ukarimu huo ulitoka katika mali yake mwenyewe. Hakumpunja yeyote ili aonekane mwema. Haki ilitimizwa, na juu yake neema ikaongezwa.

Zawadi nayo ina sheria yake. Katika 2 Wakorinto 9:7 mtume Paulo anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa. Matabishi yanayotolewa kwa sababu foleni inatazama bado hayajafika hapo. Na katika Luka 3 Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza kodi wasidai zaidi ya kiasi kilichowekwa, na askari waridhike na mshahara wao. Hilo linagusa gishe moja kwa moja. Mkristo anayefanya kazi ofisini asingojee matabishi ili apige muhuri, wala Mkristo anayesimama mbele ya gishe asiyatangulize.

Maswali matatu kabla ya kutoa

Ili tusibaki na maneno ya jumla, tunapendekeza kila mmoja ajiulize maswali haya.

Je, kazi imekwisha? Kama huduma bado haijatolewa, subiri. Pesa inayotangulia inanunua upendeleo, na mwingine aliye nyuma yako atalipa kwa kusubiri zaidi.

Je, mtu huyu amenifanyia kitu zaidi ya kunikabidhi mfuko? Pengine amefunga vizuri chakula cha mgonjwa uliyempelekea hospitalini, au amekubebea mzigo hadi kwenye pikipiki wakati wa mvua. Hapo shukrani ni nzuri, hata franka 500.

Je, pesa itamfikia? Ukiiacha kwenye sahani ya mwenye duka, huenda isifike. Mpe mkononi, kwa utulivu, bila kutangaza. Boazi katika kitabu cha Ruti aliwaagiza wavunaji waache masuke kwa makusudi, ili yule mjane ayaokote bila kuaibishwa. Huo ni ukarimu wenye heshima.

Lakini tusitumie mafundisho haya kufunga ngumi. Anayesema "si deni langu" kila siku, naye ana uwezo, ajichunguze. Tena tusimdharau mama anayekuja na franka zake zilizohesabiwa, akalipa bei na kuondoka. Amelipa haki yote. Kijana wa kaunta anayemhudumia vibaya kwa sababu hatoi kitu, huku akimkimbilia mwenye gari, ameanguka katika upendeleo ambao Yakobo 2 inaukemea.

Vilevile tunapokwenda sokoni, tukumbuke kwamba mama anayeuza maharagwe ana faida ndogo sana. Akiongeza konzi kwa furaha, tumshukuru. Tukimkaza hadi aongeze kwa huzuni, tumefanya kile kile tunacholalamikia kwa mashine ya Marekani.

Kwa ndugu wenye biashara

Kwa waamini wetu wenye malewa, maduka na hoteli tuna ombi la wazi. Lipeni mshahara kwanza, kiasi mlichopatana na kile ambacho sheria inadai, na kwa siku iliyopangwa. Matabishi ya wateja mwaachie wafanyakazi, wakiwemo wale wa jikoni wanaoosha sufuria na kuwasha makala, ambao mteja hawaoni. Msiyakate ili kufidia glasi iliyovunjika. Kama biashara haiwezi kulipa, mwambieni kijana ukweli kabla hajaanza, ili achague akijua.

Na ninyi wazee wa kanisa, kijana akija kusema hajalipwa miezi mitatu, msimwambie avumilie tu. Nendeni pamoja naye kwa mwajiri, hasa kama mwajiri huyo anaketi benchi la mbele siku ya Jumapili.