Wanaocheza Pamoja Ndio Wanaozikana

Jumapili baada ya saa tisa alasiri, katika mitaa ya Temeke, Mbagala na Tandale jijini Dar es Salaam, na katika miji mingine mingi ya Tanzania, utawaona akina mama waliovaa sare ya kitenge au madera ya rangi moja wakielekea nyumbani kwa mwenzao. Mwenyeji amekwisha tandika mikeka uani, na pilau limefunikwa jikoni. Juu ya meza ndogo pana daftari kubwa, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na bakuli za plastiki za kuhesabia fedha. Watataniana, watakula, na muziki ukikolea watanyanyuka kucheza. Katibu akianza kuita majina, kila mmoja anarudi mahali pake, kwa kuwa anayechelewa kuitika anapigwa faini.

Wapo wanaovitazama vikundi hivi kwa dharau. Husema huko ni umbea, mashindano ya sare na kupoteza siku. Nimewasikia waume wakisema hivyo, nimewasikia wasomi, na hata baadhi ya akina mama wenyewe wanaojiona wamevuka hatua hiyo. Wanaosema hivyo wameuona wali na ngoma, lakini hawajaona mgonjwa aliyefikishwa hospitali usiku kwa fedha za kikundi, wala mjane aliyepikiwa siku zote za matanga. Vikundi vinavyodumu miaka mingi na kusaidia watu wengi ni vile ambavyo wanachama wake wanapenda kuwa pamoja. Starehe ndiyo inayowakutanisha na kuwafundisha kuaminiana, na penye kuaminiana ndipo msaada unapotoka.

Historia yetu inalithibitisha hilo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, wanawake wa mwambao walikuwa na vyama vya lelemama. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake, lakini nyuma ya ngoma palikuwa na chama kamili, chenye vyeo, sare, michango na ushindani mkali na chama jirani. Mwanamke alipanda cheo kwa kuwakirimu wenzake karamu. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, anaonyesha jinsi vyama hivyo vilivyowapa wanawake uzoefu wa kuongoza, kupanga mambo na kuendesha fedha. Ilipofika miaka ya 1950 mji huohuo ukawa na vyama vya aina mpya, vikiwamo Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vilivyojishughulisha na elimu na maendeleo ya wanawake. Uzoefu wa kwenye ngoma ukaingia kwenye vikao.

Dar es Salaam nayo ina ushahidi wake. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliwafuata akina mama kwenye vikundi vyao vya ngoma, kwa sababu huko tayari kulikuwa na viongozi wanaosikilizwa, wanachama wanaojuana na njia ya kupashana habari nyumba kwa nyumba. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU. Umoja wa Wanawake ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliyedhani zile ngoma zilikuwa mchezo mtupu alijionea mwenyewe.

Kwa majirani zetu wa Kenya, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianzishwa mwaka 1952 wakati wa ukoloni, na mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya akina mama vijijini, hasa Kenya ya kati, vilichangishana fedha ili kununuliana mabati. Leo anaezekewa huyu, kesho yule, mpaka wote wakaondokana na paa za nyasi zilizovuja na kuwachosha kwa kukarabatiwa kila mara. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua mabati ya nyumba nzima kwa mara moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Siku hizi vikundi ni vya namna nyingi. Upo mchezo, au upatu, ambao kijumbe anapita kukusanya fedha na kumkabidhi aliyefikiwa na zamu. Kenya huuita chama. Vipo vikundi vya kufa na kuzikana, vya waumini wa msikiti au kanisa moja, na vya waliosoma pamoja. Na vipo vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana viitwavyo VICOBA, ambavyo asili yake ni mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika na kuota mizizi Tanzania kuanzia miaka ya 2000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya namna hii na kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, na husajiliwa kupitia halmashauri.

Utaratibu wa sanduku la VICOBA umebuniwa kwa akili. Wanachama kwa kawaida huwa kati ya 15 na 30, idadi ambayo kila mtu anaweza kumjua mwenzake kwa jina na kwa mlango. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na jumla hutamkwa kwa sauti, mkutano unaofuata uikumbuke kabla daftari halijafunguliwa. Hata mama asiyejua kusoma ni mkaguzi wa hesabu.

Ndani ya sanduku hilo kuna mifuko miwili, na wengi wa nje huujua mmoja tu. Wa kwanza ni wa hisa, ambako kila mtu huweka kadiri ya uwezo wake, hukopa, na mwisho wa mwaka hupata mgao. Wa pili ni mfuko wa jamii. Huku mchango ni sawa kwa wote, uwe mwenye duka la jumla au muuza vitumbua. Hauzai faida na haurudishwi. Ni wa ugonjwa, msiba, moto na mafuriko. Katiba hutaja nani anahesabiwa katika msiba: mume, mtoto, mzazi, na katika vikundi vingine mama mkwe na baba mkwe. Kipengele hicho cha wakwe huwa na mjadala mrefu, na ni haki kiwe nao, kwa sababu hapo ndipo kikundi kinapoamua ukubwa wa familia yake.

Mwenzao anapofiwa, mfuko wa jamii hutoa ubani uliokubaliwa, na unatolewa siku hiyohiyo. Fedha hiyo ni muhimu, lakini iliyo kubwa zaidi ni mikono. Akina mama hufika kabla ya turubai kusimama. Wengine huchambua mchele, wengine huteka maji, wengine hukaa na mfiwa chumbani asiachwe peke yake. Vikundi vingi vimejinunulia masufuria makubwa, viti vya plastiki, mikeka na turubai. Mwanachama huvitumia bure. Asiye mwanachama hukodishiwa, na kodi inarudi kwenye mfuko. Sufuria lililopikia harusi mwezi uliopita ndilo linalopikia msiba leo, na waliozunguka mafiga ni walewale. Mtu uliyecheza naye ngoma ya vugo au uliyemtunza mwanawe kwenye sherehe ya kumuaga, ni rahisi kwake kujua unapenda kufarijiwa vipi.

Kikundi kikishaweza kubebana chenyewe, huanza kutazama nje. Ikikaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, utaona akina mama wenye sare wakiingia hospitali za wilaya, vituo vya kulelea watoto yatima na magereza. Hubeba sabuni, mashuka, nepi, unga na mafuta ya kula. Katika wodi ya wazazi msaada huu una maana ya pekee. Mjamzito hutakiwa mara nyingi kufika na vifaa vyake: glovu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, nyembe, vitenge. Mama aliyekuja na uchungu wa ghafla bila kitu hubaki na wasiwasi na aibu, saa ambayo angehitaji utulivu kuliko wakati wowote. Mfuko mmoja uliofungwa tayari, ukakabidhiwa kwa muuguzi ili ampe atakayehitaji, unamwondolea wasiwasi huo.

Msaada mwingine ni wa taulo za kike mashuleni. Serikali ya Tanzania iliziondolea taulo hizo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, lakini msamaha ukafutwa mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Kenya iliiondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wasichana wa shule taulo bila malipo. Sheria na kodi zina safari ndefu; msichana wa darasa la saba hedhi yake haisubiri. Kikundi kinachochukua shule moja ya jirani na kuihudumia kila muhula, huku mama mmoja mwenye busara akikaa na wasichana kuzungumza nao, kinafanya kazi ambayo somo na shangazi walikuwa wakiifanya zamani.

Kuna zawadi nyingine ambayo haihitaji fedha, nayo ni damu. Kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi, na damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji wenye afya njema, na mwanamke anaweza kuchangia kila baada ya miezi minne, ilimradi si mjamzito wala hanyonyeshi. Kikundi cha watu 25, wakijitokeza hata nusu yao mara mbili kwa mwaka, kimeweka akiba ya kuokoa uhai wa wazazi ambao hakitawajua kamwe. Natamani kila kikundi kiliandike jambo hili katika ratiba yake.

Kwa kuwa navipenda vikundi hivi, ni lazima niseme pia yanayoviharibu. La kwanza ni kutoa msaada kwa ajili ya picha. Mama aliyejifungua jana, nywele hazijachanwa, hapaswi kuwekwa mbele ya simu kumi akishika mche wa sabuni. Picha ya wanakikundi na muuguzi mlangoni inatosha kabisa kwa kumbukumbu. La pili ni vikundi vyote kupeleka msaada Machi. Muulizeni muuguzi mfawidhi wa wodi ni kitu gani kinakosekana na ni mwezi gani hakuna mgeni. Mwoneni pia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, maana yeye ndiye anayemjua mgonjwa aliyetelekezwa na asiyeweza kulipia dawa.

La tatu ni sare na michango kupita kiasi. Sare inaunganisha, na namtetea kila mama anayeifurahia. Lakini kitenge kipya kila shughuli kinamfukuza kimyakimya yule ambaye kikundi kiliundwa kwa ajili yake. Vikundi vyenye hekima hununua sare moja kwa mwaka, hulipia kidogo kidogo, na havimtozi faini aliyeshindwa kwa sababu ya ugonjwa. La nne ni madeni. Mama anayebanwa na marejesho ya kikundi akakimbilia mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, iitwayo kausha damu, amehama kutoka kwa dada zake na kwenda kwa watu watakaombebea televisheni na vitanda. Kikundi kinachojua kusikiliza kitamwongezea muda kabla hajafika huko.

Na serikali za mitaa zina wajibu. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na dosari za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi hewa vilivyosajiliwa ili kuchota fedha hizo vilivichafulia jina vikundi vya kweli. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anayetaka kuvitofautisha asitosheke na katiba iliyopigwa chapa vizuri. Awaulize majirani kikundi hicho kimezika nani, kimemuuguza nani, na lini walikutana mara ya mwisho kwa furaha. Kikundi hewa hakina jibu, kwa sababu hakijawahi kupika sufuria moja.

Kwa waume na vijana wa kiume ombi langu ni dogo. Mama akisema Jumapili ana kikao, msimpe kazi za kumzuia, wala msimdhihaki kwa sare yake. Bakini na watoto, na mkiweza, changieni mfuko wa jamii. Siku nyumba yenu itakapopatwa na jambo, watakaofika wa kwanza ni wale aliokuwa akicheka nao uani, na watakuja na mchele, maji na fedha iliyokwisha hesabiwa.