Trekta Kuukuu Uani Kwetu

Lilifika jioni likiwa juu ya lori, rangi imebabuka, tairi moja la mbele halipo, na manyoya ya kuku yamegandamana kitini. Majirani walitoka kutazama. Baba watoto alitabasamu kama bwana harusi. Sisi tuliosimama mlangoni hatukucheka, maana tuliijua fedha iliyolinunua. Ilikuwa fedha ya bati la chumba cha watoto.

Mama msomaji, huenda nawe una mume wa namna hii. Akiona trekta lililotelekezwa majanini, moyo wake hautulii. Wengine hukusanya mawili, matatu, na kila Jumamosi wamo chini ya vyuma, mikono myeusi kwa girisi. Makala haya hayakusudii kuwalaumu. Tunataka kukueleza tuliyojifunza nyumbani kwetu, mengine kwa machozi, ili wewe uyajue mapema.

Wanapenda nini?

Siku moja tuliacha kununa tukamwuliza baba, "Hivi chuma hiki kina nini?" Alifurahi, akavuta kigoda, akaanza kutusimulia. Trekta letu ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Asili yake ni kazi ya Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1884 huko kaskazini mwa Ireland. Hapo awali plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Iliponasa kwenye kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Ferguson alibuni mikono mitatu ya chuma inayoishika plau hata ikawa kitu kimoja na trekta. Hatari ile ikapungua, na trekta dogo likaweza kazi ya kubwa. Kati ya mwaka 1946 na 1956 matrekta yake madogo ya kijivu yalitengenezwa zaidi ya 500,000 katika mji wa Coventry, Uingereza. Mpaka leo wako watu huko wanaoyakusanya, kuyafufua na kuyapeleka kwenye maonyesho.

Tulipoyasikia hayo hasira ilipungua. Tena tulikiri jambo moja: Jumamosi zote baba yuko uani, na kijana wetu mkubwa yuko kando yake akimpa spana.

Tulikaa na daftari

Hata hivyo upendo haununui bati. Tuliketi wawili, daftari mezani, tukapatana. Ada na chakula kwanza. Kila spea iandikwe na bei yake. Trekta la pili lisiingie uani kabla la kwanza halijawaka. Na kabla ya kununua lolote, tuulize kama spea zake zinapatikana. Wazee wanaukumbuka mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta mengi yaliyoletwa pale yalikuwa yamekwisha tumika kwingine, na mengi yaliharibika kabla ya kufyeka eneo lililokusudiwa. Mashine isiyo na spea wala fundi ni mzigo tu.

Vumbi kwenye ovaroli

Sisi tulio wauguzi tuliogopa zaidi kitu kisichoonekana vizuri kwa macho. Breki na klachi za matrekta ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba mno. Zikivutwa pamoja na hewa hukaa mapafuni, na ugonjwa wake, ikiwa ni pamoja na saratani, huweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Wako wanawake waliougua bila kufika kiwandani hata siku moja. Walikuwa wakikung'uta na kufua nguo za waume zao.

Kwa hiyo breki za zamani zisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Zilowanishwe, zifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Ovaroli ivuliwe huko huko uani, isikung'utwe, iloweshwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Rangi ya zamani nayo huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Isisuguliwe ikiwa kavu, na watoto wasicheze hapo.

Chupa ya soda

Hili tunalieleza kwa aibu. Baba alikuwa akioshea vyuma kwa mafuta ya taa, na mafuta aliyatia kwenye chupa ya soda. Tuliiona chupa ile mara nyingi tukapita. Mtoto wetu wa tatu, akiwa na miaka miwili, aliiona akanywa.

Bibi yake alitaka kumtia kidole kooni atapike. Tulimzuia. Mtu aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au dizeli asitapishwe kamwe, kwa sababu anapotapika mafuta huingia mapafuni na kumletea kichomi. Asilazimishwe kunywa maziwa. Apelekwe hospitali upesi, hata kama anaonekana mzima. Wetu alikohoa na kuhema haraka usiku kucha, nasi tukahesabu pumzi zake hadi alfajiri. Mungu alitupa tena mtoto wetu. Tangu siku hiyo mafuta hukaa kwenye dumu lenye maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo anao mama.

Siku lilipowaka

Lilipowaka, watoto walipiga vigelegele, wakataka kupanda juu ya madigadi. Tulikataa, na tunakataa mpaka leo. Trekta lina kiti kimoja, na ni cha dereva. Pia nyuma yake kuna mhimili wa kuendeshea mashine, unaozunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ni mara 9 kwa sekunde. Ukinasa ncha ya kanga au mtandio, mtu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Mhimili huo uwe na kifuniko, na asikaribie mtu injini ikiwa inaunguruma.

Jambo la mwisho lilitugombanisha. Matrekta mengi ya zamani hayana ukingo wa chuma wa kumkinga dereva yakipinduka. Sweden iliagiza tangu mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe nao. Baba alikuwa ameweka fedha ya rangi nyekundu, kama lilivyokuwa jipya. Sisi tuliomba fedha hiyo inunue ukingo na mkanda wa kiti.

Hatukubishana sana. Tulifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambapo Mungu anamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushie ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Baba alisoma kimya, akafunga kitabu, akaenda kumtafuta fundi wa kuchomea vyuma.

Bati la chumba cha watoto lilipatikana mwaka uliofuata. Trekta letu halijapakwa rangi hadi leo. Baba hulima akiwa amefunga mkanda, na jioni hurudi nyumbani.