Flashi ya 2TB kwa Bei ya Kutupa: Kwa Nini Kulipa Ukiletewa Hakutoshi

Umetulia jioni, unapitia simu, tangazo linatokea. Flashi ya 2TB, shilingi 1,500 tu, unaletewa hadi mlangoni na unalipa ukishaipokea. Chini yake watu wameandika "nimepata yangu, asante sana". Kwa bei hiyo, na ukizingatia kwamba hutumi pesa mapema, unajiambia huna cha kupoteza. Boda inafika, unachomeka flashi kwenye laptopu, kompyuta inaonyesha 2TB, unaweka PIN na jamaa anaondoka.

Shida huanza wiki kadhaa baadaye, unapofungua video uliyohifadhi na inakataa kucheza.

Huwa tunawahimiza wateja wetu wasitume pesa kabla ya kuona bidhaa. Ushauri huo hauna kasoro kwa viatu, kwa blenda, na kwa muuzaji anayepokea pesa kisha anazima simu. Kwa flashi, memori kadi na hard disk zilizoandikwa ukubwa wa uongo, hautoshi. Bidhaa imefika, umeishika mkononi, umeichomeka, na bado umetapeliwa.

Kompyuta haipimi, inaambiwa

Ndani ya flashi kuna chipu inayohifadhi data na nyingine ndogo ya kuidhibiti. Ukichomeka, kompyuta haiendi kukagua nafasi iliyopo. Inauliza ile chipu ya udhibiti "una nafasi kiasi gani?" na kuamini jibu. Tapeli hubadilisha programu ya chipu hiyo ili flashi ya 32GB ijibu kwamba ina 2TB. Ni kama makanga anayekata tiketi 60 za gari la abiria 14. Kila tiketi ina nambari ya kiti, na abiria wa kwanza wanakaa vizuri bila kushuku lolote.

Ndiyo maana watu wengi husifu bidhaa hizi siku mbili baada ya kuzipokea. Wameweka nyimbo chache na picha za familia, zote zinafunguka. Zile pongezi chini ya tangazo huenda zimeandikwa na wanunuzi wa kweli kabisa, ambao bado hawajajaza 32GB za mwanzo.

Nafasi halisi ikiisha, flashi haisemi imejaa. Kulingana na ilivyochezewa, faili mpya huandikwa juu ya za zamani au hutupwa tu. Majina yanabaki kwenye orodha, hata ukubwa wa faili unaonekana, lakini ukibonyeza hakuna kitu. Kuifomati hakusaidii, kwa sababu uongo uko ndani ya chipu yenyewe.

Chukua mfano wa mpiga picha wa Kitengela aliyehamishia humo picha za harusi mbili na ruracio moja, kisha akafuta kadi ya kamera apate nafasi ya kazi ya Jumamosi. Shilingi 1,500 ndiyo hasara yake ndogo. Ana familia tatu zilizolipa diposti, na hakuna atakayeitisha wageni warudi wavae nguo zilezile.

Bei na lebo husema mapema

Flashi ya 2TB si kitu cha kubuni. Kingston walitangaza yao mwaka 2017, na ilikuwa kifaa kinene cha bei ya juu. Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama 2TB ipo, ni kama ipo kwa bei hii. Angalia bei ya 1TB ya kampuni inayojulikana kwenye maduka mawili au matatu yanayoaminika. Kama hii yako ina nafasi maradufu na inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, biashara hiyo haina hesabu.

Soma lebo pia. Kadi za aina ya SDXC, kwa kipimo chake rasmi, haziendi zaidi ya 2TB. Ukiona kadi imeandikwa SDXC na 4TB pamoja, imejisaliti yenyewe. Zile "SSD" ndogo za 16TB au 30TB ndizo mbaya zaidi. Watu waliozifungua baadhi yake wamekuta memori kadi ya kawaida imechomekwa ndani ya kasha na kubanwa kwa gundi.

Lakini tusimwonee muuzaji wa haki. Diski halali ya 1TB ikisomwa na Windows huonyesha takriban 931GB, na flashi ya 64GB huonyesha kama 59GB. Hiyo ni tofauti ya namna kiwanda na kompyuta zinavyohesabu, si wizi. Simu mpya ya 128GB nayo hufika sehemu ya nafasi ikiwa tayari imechukuliwa na mfumo wake.

Kupima kwenyewe

Njia ya uhakika ni moja: jaza kifaa chote, kisha kisome upya uone kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw. Kwa Linux na Mac kuna F3. Fanya hivyo kifaa kikiwa kipya, kabla hujaweka chochote cha maana.

Ugumu ni muda. Flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huchukua karibu saa mbili kujaza 64GB, na zaidi ya siku nzima kujaza 1TB. Kusoma upya kunaongeza muda mwingine. Hakuna mwendesha boda atakayekungoja mlangoni hivyo. Ipo ValiDrive ya Windows, ambayo hukagua sehemu 576 zilizotawanyika kwenye kifaa badala ya kukijaza chote, na humaliza upesi zaidi. Kama muuzaji ana duka, tuseme pale Luthuli Avenue, beba laptopu yako na umwombe aruhusu kipimo hicho ukiwa umesimama hapo. Anayekataa ameshakujibu.

Ukinunua kwa mbali, linda haki yako ya kurudisha. Kabla ya kuweka PIN, mwandikie muuzaji kwa ujumbe: "Nitapima ukubwa wote. Ikiwa si 1TB kamili, utanirudishia pesa ndani ya siku saba?" Ngoja ajibu kwa maandishi. Hifadhi picha ya skrini ya tangazo pia, maana matangazo haya hufutwa upesi. Lipa kwa till yenye jina la biashara uliloambiwa. Ukiona jina tofauti kabla ya kuthibitisha, simama hapo.

"Si mnirudishie tu?"

Swali hili tunaulizwa sana, na jibu letu huwa halipendwi. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi. Wewe ulilipa uliyekusudia kumlipa. Tukianza kuvuta pesa kila mnunuzi anaposema bidhaa ni mbaya, mama wa mitumba aliyetuma mzigo halali atapoteza mzigo na pesa pia. Tayari kuna wanunuzi wanaojaribu mchezo huo wakishapokea bidhaa.

Hata hivyo tupigie simu. Nambari inayolalamikiwa inaweza kuchunguzwa, na ujumbe wako wa malipo ni ushahidi, kwa hivyo usiufute. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama hasara ni kubwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Muuzaji akikuambia utume "ada ya kurudishiwa" kwanza, usitume hata bob moja. Akikuonyesha SMS ya kwamba ameshakurudishia, angalia salio lako mwenyewe.

Na kama tayari una faili kwenye flashi kama hiyo, usiongeze kitu wala usiifomati. Nakili kwingine faili zote zinazofunguka, leo hii, kisha fungua moja moja uhakikishe zimehama. Kadi ya kamera usiifute mpaka umalize.