Uundaji wa Tiketi za Makosa ya Tafsiri kwa Njia ya Programu: Mfano wa GitHub
Makala haya yanaeleza namna mtafiti wa lugha anavyoweza kuripoti makosa ya tafsiri za Kiswahili kwa programu, badala ya kujaza fomu moja moja. Katika GitHub, programu hutuma ombi la POST lenye tokeni ya utambulisho na data ya JSON, ambamo kichwa cha tiketi ni cha lazima. Tiketi ikiundwa, seva hujibu kwa namba 201. Hata hivyo, jibu hilo halithibitishi kila kitu: mtumaji asipokuwa na idhini ya kuandika katika mradi, lebo alizoweka huondolewa bila taarifa. Tiketi iliyokosa lebo ya Kiswahili huweza kupotea miongoni mwa nyingine. Kwa hiyo, lugha itajwe katika kichwa chenyewe, na lebo zilizorejeshwa zilinganishwe na zilizotumwa.