Chini ya Mchanga Kuna Nini

Kiwanja cha mchanga hupata mnunuzi haraka pembezoni mwa Dar es Salaam. Dalali anayekutembeza Chamazi, Toangoma, Bunju au Mabwepande huchota mchanga kiganjani, akaumwaga, kisha akakuhakikishia kwamba hapa maji hayatuami. Kwa sentimita chache za juu anasema kweli. Mchanga una matundu makubwa, na mvua ikinyesha huzama mara moja. Lakini maji yaliyozama hayajaondoka. Yameshuka tu mpaka yakutane na kitu. Kitu hicho hakionekani ukiwa umesimama juu yake, na ndicho kinachoamua kama choo chako kitafurika Aprili, kama ukuta wa sebule utatoa chumvi, na kama mkorosho ulioupanda utafika umri wa kuzaa.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowashangaza wengi. Takriban asilimia 40 ya ujazo wa mchanga ni nafasi tupu. Ukiwa na sentimita 50 za mchanga juu ya tabaka lisilopitisha maji, nafasi yote iliyopo ni sawa na milimita 200 za mvua, na sehemu yake tayari imeshikwa na unyevu uliokuwemo. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, na Aprili pekee huzidi 200. Toa maji yanayochukuliwa na jua na majani, bado wiki mbili za mvua kubwa mfululizo zinaweza kujaza nafasi hiyo yote pale ambapo maji hayana njia ya kutokea pembeni. Kiwanja kilichosifiwa kwa ukavu kinakuwa karai.

Sasa igeuze hesabu hiyo upande wa kiangazi. Mchanga ukishachuja, unabakiza kwa mmea milimita 80 hivi tu kwa kila mita moja ya kina. Katika sentimita 50 hizo ni milimita 40. Nyasi au mchicha unaotumia milimita 4 au 5 kwa siku utamaliza akiba hiyo ndani ya siku kumi, na mizizi haiwezi kwenda chini kutafuta zaidi kwa sababu imezuiwa. Ndiyo maana ardhi ya aina hii huwapa watu malalamiko mawili yanayoonekana kupingana, mafuriko na ukame, katika eneo moja na mwaka mmoja. Watu hulaumu mvua. Mimi huuliza kwanza tabaka gumu liko kina gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote nchini uko mbali na jiji, kwenye nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti. Kila mgeni anayetoka Ngorongoro kuelekea Naabi huona uwanda wa nyasi fupi usio na miti, akadhani ni moto au wanyama walioimaliza. Moto na wanyama vina mchango wao, lakini chini ya nyasi hizo kuna majivu ya volkano, mengi yake kutoka milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, yenye chokaa na magadi kwa wingi. Mvua huko ni kidogo. Maji huyeyusha chokaa, hushuka nayo kidogo, kisha hukauka kabla ya kufika mbali, na chokaa hubaki palepale yalipokaukia. Rudia jambo hilo kwa maelfu ya miaka, utapata bamba la jiwe chini ya udongo mwepesi wa juu, karibu sana na uso wa ardhi, kiasi kwamba mzizi wa mti haupati pa kushika. Kadiri unavyokwenda kaskazini magharibi mvua inaongezeka, bamba linazama chini zaidi na hatimaye linatoweka, nyasi zinarefuka, na miti inaanza. Watafiti Anderson na Talbot walilieleza jambo hili mwaka 1965, na de Wit akalipima kwa kina mwaka 1978. Nyasi fupi za huko zina madini mengi, na nyumbu huzaa juu yake mwanzoni mwa mwaka. Mvua ikikata inawabidi wahame, kwa sababu ghala la maji chini ya miguu yao ni la wiki chache tu.

Gundi inayogandisha tabaka la Serengeti ni chokaa. Usukumani ni nyingine. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alizunguka sehemu kubwa ya Tanganyika kati ya mwaka 1935 na 1936 akionyesha kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Mpangilio huo aliuita katena, na wataalamu wa dunia nzima wanautumia mpaka leo. Wasukuma walikuwa na majina ya ngazi hizo tayari: luseni ni mchanga wa miteremko ya juu, itogolo na ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu kuelekea chini, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Katika ibambasi kinachoziba ni mfinyanzi ulioshuka kutoka juu ukiwa na sodiamu nyingi. Sodiamu huzitawanya chembe za mfinyanzi, zikaingia katika kila tundu, na tabaka likikauka halipenyeki kwa mtaimbo.

Kwa muda mrefu ardhi hiyo ilionekana inafaa malisho tu. Kisha wakulima wa Shinyanga na Mwanza wakaipandisha hadhi: wakazungushia matuta, wakatengeneza majaruba, na wakalima mpunga wa mvua. Tabaka linaloua mzizi wa mahindi ndilo linalozuia maji ya mpunga yasizame. Sijui ushahidi bora zaidi ya huo kwamba hakuna udongo mbaya kwa kila kazi. 

Kuna ugumu mwingine ambao si gundi kabisa, na kuuchanganya na tabaka lililogandishwa kumegharimu fedha nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta, ikitegemea kulima mamilioni ya ekari. Udongo mwekundu wa pale ni laini ukilowa. Ukikauka unajikaza wote kuanzia juu, majembe yakavunjika na karanga zikang'ang'ania ardhini. Mpango ukafutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mvua haba na mitambo mibovu navyo vilichangia, lakini kosa la kwanza lilikuwa kuuhukumu udongo kabla ya kuuchimba na kuutazama katika misimu yote miwili. Leo Kongwa inajulikana kwa ranchi yake ya taifa na utafiti wa malisho, kazi inayolingana zaidi na ardhi ile.

Turudi mjini. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga na mchanga wenye mfinyanzi, nyuma yake vilima vya Pugu ambavyo mawe yake ya mchanga yamechakaa hata kutoa kaolini, ule udongo mweupe. Mbele, ufukweni, kuna jiwe la matumbawe. Kwa hiyo fundi wa kisima wa Mbweni au Kunduchi akisema amegonga mwamba, na fundi wa Mbagala akisema vilevile, huenda wanazungumzia vitu viwili tofauti kabisa.

Matumbawe ni jiwe lenye matundu na nyufa. Maji yanaweza kulipitia kwa kasi, na hilo si la kufurahia, maana maji ya choo nayo yanapita kwa kasi hiyohiyo bila kuchujwa, na kisima cha jirani hakiko mbali. Bara kidogo, kizuizi cha kawaida ni mfinyanzi uliojikusanya chini ya mchanga, mahali pengine ukiwa na vinundu vyekundu vya chuma kilichoyeyuka na kuganda kila maji yalipopanda na kushuka. Hapo maji hayapiti. Yanatambaa juu ya kizuizi kufuata mteremko, na katena ya Milne inafanya kazi mtaani kwako: mvua iliyonyesha kwenye kiwanja cha jirani aliye juu inaibukia kwako wewe uliye chini, siku kadhaa baada ya mawingu kuondoka. Wanaojenga chini ya miteremko inayoshuka kwenye mito kama Mzinga, Kizinga au Mpiji wanapaswa kulitazama jambo hili kwa makini hata kama mto wenyewe uko mbali. Mafuriko ya mto tunayajua na tunayahesabu; baada ya yale ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Mafuriko yanayotoka chini ya sakafu hakuna anayeyaandika, na nadhani ndiyo yanayowapata watu wengi zaidi.

Matokeo yake yanaonekana zaidi chooni. Nyumba nyingi za pembezoni hutegemea mashimo, na shimo lililochimbwa Septemba likiwa kavu linaweza kugeuka kisima Aprili. Gari la kunyonya majitaka likija leo, baada ya siku tatu shimo limejaa tena, kwa sababu linajazwa na maji ya ardhini wala si ya familia. Hapo ndipo wengine hutapisha vyoo mvua inapokuwa kubwa, na mtaa mzima unakanyaga uchafu. Nalaani tabia hiyo, lakini najua pia kwamba mwenye shimo hakuelezwa alichokuwa akinunua. Halmashauri zinazoidhinisha ramani za viwanja zingeweza kudai maelezo ya mashimo machache ya udongo kwa kila eneo linalopimwa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya barabara na mipaka.

Mnunuzi mwenyewe anaweza kujua mengi kwa sululu, koleo na subira. Chimba sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, usichimbe pale dalali anapokuelekeza. Tazama rangi za kuta za shimo. Mchanga wa rangi moja ya kahawia au nyekundu mpaka chini ni dalili njema. Ukiona kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, maji husimama kwenye kina hicho kila mwaka, hata kama leo ni Septemba na vumbi linapeperuka. Madoa hayo ndiyo kitu cha thamani zaidi shimoni, kwa kuwa yanakuonyesha masika ukiwa katikati ya kiangazi.

Ukifika kwenye ugumu, chukua bonge kavu ulitumbukize katika glasi ya maji safi, uliache mpaka kesho yake. Likibomoka, ulikuwa ugumu wa ukavu tu, kama wa Kongwa. Likibaki zima, limegandishwa. Maji yakiwa na ukungu wa maziwa kuzunguka bonge, shuku sodiamu, na usisubiri mbolea peke yake ilitibu. Udongo huo huhitaji jasi, samadi na njia ya kutolea maji. Kipande kingine kidondoshee siki: kikitoa mapovu, kuna chokaa au matumbawe. Kisichobomoka wala kutoa mapovu, hasa kikiwa chekundu au cheusi, mara nyingi ni chuma, na maabara ya TARI Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro zitakueleza zaidi.

Tabaka jembamba linaweza kutobolewa. Kwa mti mmoja, chimba mpaka upite upande wa pili, ujaze udongo uliochanganywa na samadi, na mzizi utaendelea na safari. Lakini ukitoboa nusu tu umetengeneza bwawa la kuozesha mizizi, na nimeona miembe mingi ikifa hivyo. Tabaka nene liache. Panda juu ya matuta, chagua majani ya malisho na mboga zenye mizizi mifupi, na mkorosho upeleke kwingine, maana huo hauvumilii kuzuiwa. Choo nacho kiinuliwe, tangi lake lijengwe lisivuje, na maji yake yasambazwe kwenye mtaro mpana wa kina kifupi ndani ya mchanga wa juu. Kabla ya hapo pima: jaza kishimo maji, yaache yalowe usiku kucha, asubuhi jaza tena na utazame. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, ardhi hiyo haiwezi kunyonya maji ya familia.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mchanga mkavu huporomoka bila kutoa onyo. Shimo likifika usawa wa kiuno, usiingie mwenyewe wala usimwingize fundi bila kulipanua juu. Kwa kina zaidi ya hapo azima keekee ya udongo, inayoleta sampuli juu mtu akiwa amesimama nje. Ukimaliza andika kina cha kila tabaka na tarehe, fukia, na uiweke karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja.