Viazi vingi shambani siyo faida: pima aina kabla hujapanda ekari nzima

Leo naongea na wewe unayelima viazi vitamu Mbozi, Momba au Ileje na kuja kuviuza mwenyewe hapa Tunduma.

Mwaka juzi nilipewa marando ya aina inayosifiwa kwa kuzaa. Sikuuliza kingine, nikapanda ekari nzima. Kweli vilizaa! Siku ya kwanza sokoni nikauza vizuri. Siku ya pili mama lishe watatu wakanirudia: "Dada, viazi vyako vina maji, wateja wa chai wameviacha kwenye sahani." Habari ikasambaa. Vingine nikauza nusu bei, vingine vikaozea stoo. Ada ya mtoto ilikuwa humo humo.

Msimu uliofuata nilianza na kipande kidogo cha kupimia. Fanya hivi:

1. Chagua aina tatu tu. Moja iwe ile ya kienyeji ambayo wateja wako wanaijua, ndiyo ya kulinganishia. Nyingine muulize bwana shamba au TARI Uyole, Mbeya. Utasikia majina kama Kabode, Mataya, Kiegea na Ejumula. Uliza maswali mawili: inavumilia virusi? Ikichemshwa ina unga? Kwa mfano, Ejumula inapendwa kwa unga wake, lakini virusi vinaiandama. Na usivushe marando kienyeji kutoka Nakonde, unaweza kuleta ugonjwa shambani kwako.

2. Kila aina ipe matuta matatu ya mita 10. Tuta hadi tuta mita 1, rando hadi rando sentimita 30. Zichanganye, isiwe aina moja imepata kona yenye rutuba peke yake. Panda siku moja, palilia siku moja.

3. Kuanzia mwezi wa tatu, fukua kidogo pembeni uone ipi inawahi. Inayowahi inakutoa shambani kabla ardhi haijakauka na kupasuka. Fukuzi hupitia kwenye nyufa hizo kufikia viazi, na ukichelewa kuvuna anazidi kukutafuna.

4. Ukivuna, tenga vya kuuza, vidogo sana, na vilivyotobolewa. Pima kilo za vile vya kuuza tu. Zidisha mara 133, utapata makadirio ya ekari. (Matuta yale matatu ni mita za mraba 30, ekari ni kama 4,000.) Punguza kidogo, maana kipande kidogo hutunzwa vizuri kuliko shamba kubwa.

5. Chemsha kila aina, wape mama lishe wawili watatu bila kuwaambia ipi ni ipi. Vingine viache stoo, hesabu vinakaa siku ngapi bila kuharibika.

6. Sasa piga hesabu. Chukua mfano: aina A inatoa debe 200 kwa ekari, lakini soko linatoa 5,000 kwa debe. Hiyo ni 1,000,000. Aina B inatoa debe 150, soko linatoa 8,000. Hiyo ni 1,200,000. Toa 1,000 ya kuchimba na kubeba kila debe: A inabaki 800,000, B inabaki 1,050,000. Aina iliyozaa kidogo imekuzidi kwa 250,000! Weka bei zako halisi, hesabu ni ile ile.

Mimi kipimo kilinionyesha kwamba soko langu linataka viazi vikavu vyenye unga, basi sehemu kubwa ya shamba ni hivyo. Viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, sikuviacha. Vina vitamini A, na wapo akina mama wanaovitaka kwa uji wa watoto, na wapika maandazi wanaovichanganya na unga. Lakini navipanda kwa kiasi cha wateja ninaowajua, sijazi ekari.

Mwisho, usiuze kwa lumbesa. Umehangaika kupima shambani, halafu unampa mnunuzi kilema cha bure juu ya gunia?

Ukikosea kwenye matuta tisa unapoteza marando na siku chache za jembe. Ukikosea kwenye ekari unapoteza msimu mzima. Wewe unapanda aina gani, na wateja wako wanasemaje wakishaila?